Tujadili mchezo, tusisahau kichwa cha mchezaji

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba mwaka 2023 nilijikuta katika mji wa Melbourne, Australia, nikiwa mgeni wa mpwa wangu ambaye ni muuguzi huko. Nilikwenda kumjulia hali na kuwaona wanawe. Sikwenda kutazama mchezo. Lakini mgeni hachagui msimu wa mwenyeji wake. Nilifika katika juma ambalo mji mzima haukuwa na neno jingine mdomoni ila moja: fainali ya kandanda ya Kiaustralia baina ya Collingwood na Brisbane Lions, iliyokuwa ichezwe Jumamosi ya tarehe 30.

Juma hilo limenirudia akilini mara nyingi tangu nirejee nyumbani. Kila nisikiapo vijana wetu ndani ya matatu, kwa vinyozi na penye meza za magazeti wakibishana kuhusu nani apangwe na nani aketi benchi, humkumbuka mzee mmoja, jirani ya mpwa wangu, na swali alilouliza mbele ya televisheni. Naomba ruhusa ya msomaji nilieleze swali hilo leo, kwa kuwa naamini latuhusu sisi pia.

Kwa faida ya asiyeujua mchezo wenyewe, sharti nianze na maelezo machache. Kandanda ya Kiaustralia huchezwa katika uwanja mpana wenye umbo la yai, na mpira wake pia una umbo hilo. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani. Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira kwa mikono, lakini haruhusiwi kuurusha. Huupiga kwa mguu au kuugonga kwa ngumi kumpa mwenzake. Akikimbia nao hana budi kuudundisha chini kila baada ya mita 15. Anayeudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa ardhi wala mtu mwingine, hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo maana utawaona watu wakiruka juu ya mabega ya wenzao kama waparamiao minazi.

Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne. Mpira ukipigwa ukapita baina ya nguzo mbili ndefu za katikati, timu hupata alama sita. Ukipita baina ya nguzo ndefu na fupi iliyo kando yake, hupata alama moja tu, kana kwamba ni shukrani ya kujaribu. Kanuni za kwanza za mchezo huu ziliandikwa mjini Melbourne mwaka 1859, mwaka mmoja baada ya bwana Tom Wills kuandika gazetini akipendekeza iundwe klabu ya mpira ili wachezaji wa kriketi wasilegee viungo wakati wa baridi. Ligi yenyewe ilianza mwaka 1897 kama ligi ya jimbo la Victoria, na mwaka 1990 ikabadilishwa jina ili iwe ya taifa zima.

Baada ya hayo, natumaini msomaji ataweza kunifuata mpaka sebuleni kwa mpwa wangu.

Mzee niliyemtaja ni shabiki wa Collingwood tangu utotoni. Mwaka 1970, akiwa kijana mdogo, alipelekwa na babake katika uwanja wa kriketi wa Melbourne, ambao wenyeji huuita MCG, kutazama fainali baina ya Collingwood na Carlton. Watu 121,696 walihudhuria siku hiyo. Collingwood walikuwa mbele kwa alama 44 wakati wa mapumziko, kisha wakashindwa kwa alama 10. Mzee alinisimulia kisa hicho kana kwamba ni cha juzi, na kana kwamba ni yeye aliyeuachilia mpira ukamponyoka. Hapo nikafahamu kwamba huyu si mtu wa kubishana naye ovyo.

Jumatatu usiku ndipo mabishano ya juma yalipopamba moto. Usiku huo hutolewa nishani ya Brownlow, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1924. Baada ya kila mchuano wa kawaida wa ligi, waamuzi huwapa wachezaji watatu waliocheza vyema alama tatu, mbili na moja. Mwisho wa msimu kura hizo husomwa hadharani, mchuano kwa mchuano. Mwaka huo nishani ilimwendea Lachie Neale wa Brisbane kwa kura 31. Marcus Bontempelli wa Western Bulldogs alipata 29, naye Nick Daicos wa Collingwood, kijana wa miaka 20, akapata 28.

Basi mji uligawanyika. Mzee alishikilia kwamba Daicos ameonewa. Kijana huyo aliumia goti mwezi wa Agosti, akakosa michuano mitatu ya mwisho ya ligi, na bado alipungukiwa na kura tatu tu. "Angecheza hata mmoja kati ya hiyo mitatu, nishani ingekuwa yake!" alisema mzee huku akiipiga meza. Mpwa wangu, ambaye hana upande wowote ila ule wa amani ya nyumba yake, alimjibu kwamba nishani hupewa aliyecheza, haipewi ambaye angecheza. Mzee alinyamaza kidogo, akanywa chai, kisha akaanza upya.

Siku ya Jumanne hoja ilikuwa ni goti lenyewe. Daicos alikuwa amerudi uwanjani katika nusu-fainali, ambayo Collingwood waliwashinda Greater Western Sydney kwa alama moja tu, 58 kwa 57. Je, goti limepona kweli? Je, alikimbia kama zamani au alikuwa akijihadhari? Niliwasikia watu ndani ya tramu wakilichambua goti la kijana huyo mfupa kwa mfupa, watu ambao naapa hawakupata kulitazama goti la mama zao kwa makini kama hayo.

Siku ya Jumatano zamu ilikuwa ya Billy Frampton. Katika nusu-fainali hiyo hiyo, Dan McStay, mshambuliaji aliyekuwa amehamia Collingwood kutoka Brisbane, aliumia goti. Akakosa nafasi ya kucheza fainali dhidi ya wenzake wa zamani. Nani atachukua pahali pake? Jina la Frampton lilipoanza kutajwa, nyuso zilikunjamana. Mmoja alisema mwendo wake ni mzito. Mwingine alisema fainali si mahali pa kujifunzia kazi. Timu ilipotangazwa siku ya Alhamisi na jina lake likawamo, mzee alitikisa kichwa, akatamka maneno ambayo adabu ya safu hii hainiruhusu kuyatafsiri.

Sisemi haya kwa kuwacheka watu wale. La hasha! Niliwasikiliza kwa heshima, na kuna mambo niliyoyahusudu. Wana kumbukumbu ndefu, na hawasemi jambo bila ushahidi. Anayedai kwamba mchezaji fulani amefifia atakutajia michuano mitano iliyopita, na katika kila mmoja atakueleza alidaka mara ngapi na aliponyokwa mara ngapi. Shabiki wa Brisbane niliyekutana naye kituoni alinikumbusha kwa utulivu kwamba timu yake ilikuwa imeishinda Collingwood mara zote mbili walizokutana mwaka huo. Shabiki wa Collingwood aliyesimama karibu alijibu kwa utulivu huo huo kwamba Brisbane wamehangaika kwa miaka mingi kupata ushindi katika uwanja wa MCG, na kwamba Craig McRae, kocha wa Collingwood, aliwahi kuichezea Brisbane katika fainali za mwaka 2002 na 2003 walipoishinda Collingwood, basi anazijua siri za nyumba ile. Wakaagana kwa kupeana mikono. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, lakini hawa waliivuta ngozi pasipo kuipasua.

Mijadala ya namna hii ni haki ya shabiki. Ndiye anayelipa kiingilio, ndiye anayelowa mvua jukwaani, na ndiye anayekwenda kazini Jumatatu akiwa na uso wa msiba. Atakayemwambia asitoe maoni yake atakuwa anamwambia asipende. Na kwa kweli, timu isiyojadiliwa imekwisha kufa. Kilichobaki ni kuzikwa.

Hata hivyo, kuna mipaka miwili ambayo nadhani shabiki wa kila nchi hana budi kuitambua.

Mpaka wa kwanza ni kwamba hali ya mchezaji ni jambo la kupita, na hukumu yetu juu yake yapasa iwe ya unyenyekevu. Mwaka 2008 Geelong walishindwa mara moja tu katika michuano 22 ya ligi. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kutabiri lolote ila ushindi wao. Fainali ilipofika, Hawthorn wakawalaza kwa alama 26. Mwaka 2024 Sydney walimaliza ligi wakiwa kileleni na Brisbane wakiwa wa tano. Katika fainali Brisbane waliwashinda kwa alama 60. Kama ubingwa ungetolewa kwa hoja za mashabiki, vikombe vingi vingekuwa katika makabati mengine leo.

Na ni vivyo hivyo kwa mchezaji mmojammoja. Frampton yule aliyekunjiwa nyuso alipewa kazi ya kumbana Harris Andrews, nguzo ya ulinzi wa Brisbane, naye akaitenda kazi hiyo vizuri kuliko walivyotarajia waliomcheka. Mchezaji bora wa fainali hiyo alikuwa Bobby Hill, aliyefunga mabao manne. Mwaka mmoja na miezi michache kabla ya siku hiyo, akiwa katika klabu nyingine, Hill aligunduliwa kuwa na saratani na akafanyiwa upasuaji. Ni nani wakati huo aliyekuwa akijadili makali yake ya mchezo? Naye Will Ashcroft wa Brisbane aliumia vibaya goti mwezi wa Julai mwaka 2023, akaikosa fainali hiyo. Alirudi mwaka uliofuata, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali ya mwaka 2024, na tena ya mwaka 2025. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mpaka huu unapovukwa, mjadala hugeuka kuwa matusi, na matusi huacha makovu. Adam Goodes wa Sydney, mwenyeji asili wa nchi ile, alitunukiwa nishani ya Brownlow mara mbili, mwaka 2003 na mwaka 2006. Mwaka 2013, baada ya kukataa kuvumilia tusi la ubaguzi lililotoka jukwaani, alianza kuandamwa. Kufikia mwaka 2015 alikuwa akizomewa uwanja baada ya uwanja kila agusapo mpira. Wapo waliosema kwamba wanazomea mchezo wake tu. Goodes alistaafu mwaka huo huo. Mwaka 2019 ligi na klabu zote zilimwomba radhi kwa kushindwa kumtetea. Radhi hiyo ilikuja miaka minne baada ya mtu kuondoka uwanjani. Majuto ni mjukuu.

Mpaka wa pili ndio ulionifanya niishike kalamu leo, nao unahusu mwili wa mchezaji, hasa kichwa chake.

Katika juma lile kulikuwa na jambo moja ambalo mashabiki wa Collingwood walilijadili kwa sauti ya chini. Tarehe 7 Septemba, katika mchuano wa mchujo dhidi ya klabu ya Melbourne, Brayden Maynard wa Collingwood aliruka kwa nguvu kuuzuia mpira uliokuwa ukipigwa na Angus Brayshaw. Aliukosa mpira, bega lake likamgonga Brayshaw kichwani. Brayshaw, ambaye kwa miaka kadhaa alicheza akiwa amevaa kofia laini kwa sababu ya kugongwa kichwa hapo awali, alipoteza fahamu, akatolewa uwanjani kwa machela. Maynard alifikishwa mbele ya baraza la nidhamu la ligi na akaonekana hana hatia, kwa hiyo aliruhusiwa kucheza fainali.

Nilimuuliza mzee maoni yake. Akasema ilikuwa ajali, na kwamba Maynard ni muhimu sana katika ulinzi. Yote mawili huenda yalikuwa kweli. Lakini nilitambua kwamba katika maelezo yake marefu kuhusu Maynard, jina la Brayshaw halikutajwa hata mara moja.

Jumamosi ikafika. Tiketi hazikupatikana, tulikaa mbele ya televisheni, mzee akiwa na skafu yake ya mistari myeusi na myeupe. Watu 100,024 walikuwa uwanjani. Mapema katika mchuano, mlinzi wa Collingwood, Nathan Murphy, kijana ambaye tayari alikuwa amewahi kupata mitikisiko ya ubongo, aligongwa kichwani. Kamera zilimfuata akiongozwa kuelekea nje. Mzee aliinuka kitini, akauliza kwa wasiwasi wa mtu anayempenda mwanawe: "Atarudi?"

Nilijipata nami nimeinama mbele nikingoja jibu la swali hilo hilo. Mpwa wangu alikuwa mlangoni akiwa amebeba sinia ya chai. Akasema kwa Kiswahili, ili nisikie mimi peke yangu: "Mjomba, hakuna aliyeuliza kama anajua yuko wapi."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuyasikia zamani katika dhamiri yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari tulikuwa na mlinda lango hodari sana, kijana mpole kutoka kijiji jirani na chetu. Katika mchuano mmoja wa wilaya aligongana na mshambuliaji, akaanguka chali, macho yakawa meupe. Mwalimu wa michezo alimmwagia maji ya ndoo. Sisi wengine tukaanza kuliimba jina lake kwa kupiga makofi, mimi nikiwa miongoni mwa wenye sauti kubwa zaidi. Alisimama. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Alicheza hadi mwisho, na tulishinda.

Jioni ile, tukiwa njiani kurudi, aliniuliza mara tatu kama mchezo umekwisha kuanza. Tulicheka. Muhula ule hakuufanya mtihani. Alisema maandishi yanacheza ubaoni na kichwa kinamwuma. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni. Sijui kwa yakini kama ni pigo lile lililomtoa masomoni, wala sitamlaumu mwalimu wetu, ambaye alifanya kama walivyofanya walimu wote siku zile. Ninachojua ni kwamba yeye hakuinuka kwa sababu amepona. Aliinuka kwa sababu tulimwimba.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shabiki huona pigo. Haoni usiku unaofuata. Mpwa wangu alinieleza usiku huo, kwa lugha nyepesi ya mtu aliyeuona ugonjwa, kwamba ubongo ni kitu laini kilichowekwa ndani ya fuvu gumu, na kwamba kichwa kikigongwa ghafla ubongo hutikisika na kujipiga, hata kama ngozi haikuchubuka. Kofia laini yaweza kuzuia mchubuko; mtikisiko haiwezi kuuzuia. Mwenye kupata pigo la pili kabla ya la kwanza kupoa hujitia katika hatari kubwa maradufu. Ndiyo sababu madaktari wa michezo ulimwenguni wamekubaliana kwamba mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo asirudi uwanjani siku hiyo hiyo, hata akiapa kwamba yu mzima.

Ligi ya Australia ilijifunza somo hilo kwa gharama. Mwaka 2020 wataalamu walithibitisha kwamba Graham Farmer, mmoja wa wachezaji mashuhuri kabisa katika historia ya mchezo huo, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa na ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara, ugonjwa ambao kwa kawaida huthibitishwa baada ya mtu kufa. Mwaka huo huo ikathibitishwa hivyo kwa Danny Frawley, nahodha wa zamani wa St Kilda. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Heather Anderson, aliyekuwa mchezaji wa ligi ya wanawake na aliyefariki akiwa na miaka 28. Kuanzia mwaka 2021 ligi iliamuru kwamba mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo asicheze kabla ya siku 12 kupita.

Lakini kanuni ni jambo moja na hamu ya ushindi ni jingine. Katika mwezi wa Julai mwaka 2023, Aliir Aliir wa Port Adelaide aligongana vichwa na mwenzake katika mchuano wa mahasimu wa mji wa Adelaide. Jina hilo lapasa litushtue sisi Wakenya, kwani Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, kwa wazazi waliokimbia vita vya Sudan, kabla ya familia yake kuhamia Australia. Mwaka 2021 aliteuliwa katika timu ya wachezaji bora wa ligi nzima. Siku ile aligongwa, akarudishwa uwanjani pasipo kufanyiwa uchunguzi kamili wa kichwa uliotakiwa. Ligi iliitoza klabu yake faini ya dola 100,000, nusu ya fedha hizo ikiahirishwa. Mama aliyekimbia vita akamlea mwanawe hakumlea ili tuone kama ataweza kucheza robo ya mwisho.

Fainali ile iliisha kwa namna ambayo mashabiki wa Collingwood watawasimulia wajukuu wao. Brisbane walifunga mabao mengi zaidi, 13 kwa 12. Lakini Collingwood walikuwa na zile alama mojamoja 18 dhidi ya 8 za wapinzani wao. Jumla ikawa 90 kwa 86. Ulikuwa ubingwa wa 16 wa klabu hiyo. Mzee alilia hadharani bila haya, nami nilifurahi kwa ajili yake, maana alikuwa na deni la tangu mwaka 1970.

Murphy hakuumaliza mchuano huo. Mwaka 2024, akiwa na miaka 24, aliacha kabisa kucheza baada ya wataalamu kumshauri hivyo kwa sababu ya vile vipigo vya kichwani. Brayshaw alikuwa amekwisha kumtangulia: mwezi wa Februari mwaka huo alistaafu kwa amri ya madaktari akiwa na miaka 28. Ligi nayo ikaibadilisha tafsiri ya kanuni zake, kwamba anayeruka kuzuia mpira na kumgonga mwenziwe kichwani abebe dhamana ya alichokitenda, hata kama nia yake ilikuwa ni mpira.

Nilimpigia mzee simu baada ya habari za Murphy. Hakuzungumza kuhusu ulinzi wa timu. Alisema polepole, "Nilimwita arudi, unakumbuka?" Nikamwambia kwamba nakumbuka, na kwamba mimi pia nilikuwa nimeinama mbele. Kisha nikamsimulia habari za mlinda lango wetu, ambazo sijawahi kumsimulia mtu.

Nimeandika haya yote kwa sababu viwanja vyetu havina tofauti kubwa na vile ila kwa umaskini. Sisi tuna kandanda, tuna raga, tuna ndondi, tuna michezo ya shule ambayo kila muhula huwakutanisha maelfu ya watoto. Mara ngapi tumeona mtoto akianguka kwa kichwa, akamwagiwa maji, akasimamishwa, na umati ukapiga makofi? Pasipo daktari uwanjani, makofi yetu ndiyo yanayokuwa daktari.

Sihitaji kuisubiri serikali ili nitoe ushauri ufuatao, ambao hauna gharama hata ya shilingi moja. Kwanza, kila mwalimu wa michezo na kila kocha wa mtaani ashike kanuni moja rahisi: kichwa kikigongwa na pakawa na shaka, mchezaji atoke na asirudi siku hiyo. Aulizwe yuko wapi, anacheza na nani, na nani alifunga mwisho. Na hata akijibu yote sawasawa, iwapo shaka ipo, akae. Pili, asiachwe arudi nyumbani peke yake. Mzazi aarifiwe, na dalili zikiongezeka apelekwe hospitali. Tatu, chama kinachoandaa mashindano kiruhusu mchezaji wa namna hiyo abadilishwe bila timu yake kuadhibiwa, ili kocha asilazimike kuchagua baina ya kikombe na mtoto wa watu.

Nne, na hili ni letu sisi mashabiki: tubishane kuhusu hali ya mchezaji kadiri tupendavyo. Tuseme miguu yake ni mizito, tuseme kocha ana upofu, tuseme fulani angefaa zaidi. Lakini mtu anapolala chini hajisogezi, mjadala wa hali yake ya mchezo uwe umekoma pale pale. Tusimwite. Tusimwimbe. Tunyamaze, ili asikie sauti yake mwenyewe ikimwambia akae.

Mimi nilipiga makofi siku ile, na niliyapiga kwa nguvu. Laiti ningenyamaza.